Kitambulisho kifuani: ushauri kutoka mlangoni pa shule, Goma

Hapa Goma, kama katika Kongo yote, mwanafunzi huvaa shati jeupe na suruali au sketi ya bluu, na ingawa baadhi ya shule hushona nembo mfukoni, kwa mbali sare zote ni zilezile. Kijana yeyote aliyejinunulia shati jeupe katika soko la Virunga anaweza kupenya mlangoni pamoja na kundi la asubuhi. Tena, tangu elimu ya msingi ya serikali ilipotangazwa kuwa ya bure mwaka 2019, madarasa mengi yamefurika, na sentineli, yaani mlinzi wa mlangoni, aliyezoea kumtambua kila mtoto kwa sura na kwa jina la baba yake hawezi tena. Kwa miaka ambayo nimesimamia nidhamu ya shule, sijaona kifaa rahisi kinachomsaidia kuliko kitambulisho chenye picha.

Ushauri wangu wa kwanza ni kwamba waanze wakubwa. Walimu wengi hukataa wakisema, "Mimi wananijua wote," lakini mtoto aliyeandikishwa jana hawajui, wala mzazi aliyekuja kuulizia matokeo. Pale ambapo prefe (mkuu wa shule ya sekondari), walimu, karani na mama anayefagia ua wote wanavaa, mtu mzima asiye na kitambulisho huonekana mara moja, na hata mtoto mdogo anajua asimfuate. Wanafunzi wa sekondari nao, ambao huona kadi hiyo ni ya kitoto, huacha ubishi wakimwona prefe mwenyewe ameivaa.

Mbele ya kadi patoshe picha, jina, darasa, mwaka wa masomo na muhuri wa shule. Nyuma ziandikwe namba mbili za simu za wazazi au walezi. Volkano yetu ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, watu wakakimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka nchini Rwanda, na mji wa Sake, na watoto wengi wakapotezana na jamaa zao. Ilikuwa Jumamosi jioni. Fikirini ingekuwa saa nne asubuhi ya siku ya masomo. Mtoto wa darasa la kwanza ukimuuliza jina la mama yake hujibu "Mama", na hapo msamaria mwema anakwama, ilhali namba ya simu ingemaliza kazi.

Anwani ya nyumbani isiandikwe kabisa. Na hapa nasisitiza jambo ambalo shule nyingi hulisahau: kadi ivaliwe ndani ya ua, na mtoto anapotoka aiweke mfukoni au ndani ya mkoba. Asiyemjua akilisoma jina lake barabarani, atamwita, "Furaha, mama yako amenituma nikupeleke kwa pikipiki," na mtoto ataamini kwamba anajulikana.

Kwa wadogo, msitumie kamba ngumu ya shingoni, kwa kuwa huvutana wakicheza na inaweza kumkaba mmoja wao. Kibanio cha mfukoni kinafaa zaidi. Plastiki nayo ni ya lazima, kwa sababu ya mvua zetu.

Kuhusu pesa, nitasema wazi: shule isigeuze kadi kuwa biashara. Mzazi akiona kitambulisho kinauzwa ghali kila Septemba, atakiona kuwa mchango mwingine wa kumkamua, na hatakuwa na haja ya kumkumbusha mwanawe akivae. Tena, kisitumiwe kumbagua mtoto ambaye hajamaliza kulipa.

Aliyesahau kadi nyumbani asirudishwe, kwani kumrejesha peke yake njiani ni hatari kubwa kuliko ile tunayoikimbia. Mwalimu wa darasa amthibitishe mlangoni, apewe kikaratasi cha siku hiyo, na jina liingie daftarini. Likijirudia, mzazi apigiwe simu. Mgeni naye aache mlangoni kadi yake ya uchaguzi, ambayo kwetu ndiyo kitambulisho cha mtu mzima, avae kadi iliyoandikwa MGENI kwa herufi kubwa, na sentineli asimrudishie ya kwake kabla hajaipokea ile ya shule.