Anza na swali, si vitufe

Dada, umeuliza uanzie wapi kuwafundisha wakutubi wa vyuo hapo Kisumu kutafuta makala kwenye hifadhidata. Usianze na slaidi. Anza na swali la kweli la mwanafunzi wa uuguzi: malaria kwa wajawazito nchini Kenya.

Kwenye PubMed, hifadhidata ya makala za tiba ambayo ni ya bure, waandike malaria AND pregnan* AND Kenya. Hiyo nyota inaleta pregnant, pregnancy na pregnancies kwa mpigo. AND (yote yawepo) na OR (lolote kati yake) ziwe herufi kubwa. Kisha wafungue ukurasa wa Advanced, waone jinsi PubMed ilivyolitafsiri swali lao. Hapo ndipo pa kukaa sana, hata saa nzima, kwa sababu mkutubi akishaona mashine inavyomwelewa, anajua la kurekebisha. Maneno yakiwa ndani ya alama za kunukuu au yakiwa na nyota, PubMed haiyatafutii visawe yenyewe, na wengi hawalijui hilo. Wafundishe pia MeSH, ile orodha ya istilahi za tiba.

Makala ikidai malipo, chuo kijisajili Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo makala bure au kwa bei nafuu; Kenya imo. Na tafadhali, kila mtu awe na kompyuta yake. Kutazama projekta hakumfundishi mtu kutafuta.