Vilima vya Morvan Havisamehe Gia Nzito

Shangazi wa Baiskeli, mzaliwa wa Lushoto anayeishi Dijon, anajibu barua za wasomaji

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi ni kijana wa Arusha, nasoma Paris. Mwezi wa sita nataka kuzunguka Morvan, eneo la vilima na misitu huko Burgundy, Ufaransa, kwa baiskeli siku tano pamoja na rafiki yangu. Nimeangalia ramani, nimeona kilele kirefu kuliko vyote ni mita 901. Kwa mtu aliyekulia chini ya Meru hicho ni kichuguu. Nimepanga kilomita 100 kwa siku. Baiskeli yangu ni ya mashindano, nimeinunua kwa mtu. Itatosha?
Msomaji, Paris

JIBU: Marahaba mwanangu. Hizo mita 901 ni za Haut-Folin, na ramani haikukudanganya. Ila Morvan hakuna mlima mmoja utakaoupanda ukamaliza kazi. Ni nchi ya mwamba mgumu wa matale iliyokatwakatwa na vijito. Unapanda mita themanini, unateremka hadi kijitoni, unavuka kidaraja, unapanda tena mita mia. Hivyo hivyo mpaka jioni. Mimi siku niliyobeba mizigo naridhika na kilomita 50, na hapo nimeshapanda karibu mita elfu moja kwa jumla. Kata mpango wako nusu.

Sasa baiskeli. Safari yangu ya kwanza huko ilikuwa mwaka 2009. Muuzaji wa duka moja mjini alinihakikishia kwamba gia za baiskeli niliyoipenda zinafaa kila mahali. Nikaifunga keria mbili za mizigo nikaondoka. Kutoka kijiji cha Saint-Père, kilicho kando ya mto Cure, barabara inapanda hadi Vézelay. Si mbali, kama kilomita mbili. Nilishindwa kabla ya nusu. Nikashuka nikaisukuma, magoti yananiuma, nikafika mlangoni pa kanisa kuu la Vézelay, lile lililoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1979, sina hata nguvu ya kuinua macho kutazama mawe yake. Iliniuma sana, kwa sababu nilikuwa nimeingojea siku ile miezi minane.

Kwa hiyo hesabu meno kabla ya kuondoka. Tazama gurudumu dogo la meno la mbele, kisha kubwa kuliko yote la nyuma. Kama mbele ni 34 na nyuma ni 34, mzunguko mmoja wa pedali ni mzunguko mmoja wa tairi, yaani unasogea kama mita mbili na kitu. Bila mizigo hiyo inafaa. Ukiwa na kilo kumi na mbili nyuma, tafuta gia nyepesi zaidi ya hapo: meno ya mbele yawe machache kuliko ya nyuma. Baiskeli ya mashindano mara nyingi imewekewa kinyume, meno mengi mbele na machache nyuma, kwa ajili ya mtu anayekimbia bila mzigo. Fundi anaweza kukubadilishia meno ya nyuma na cheni, ila muulize kwanza kama mkono wa gia uliopo, ule unaohamisha cheni, utayafikia meno makubwa. Usione haya kutumia gia ndogo. Miguu izunguke upesi na wepesi, pumzi isikatike, uweze kuzungumza na mwenzako. Ukiona umenyamaza kwa sababu ya pumzi, umechelewa kubadilisha.

Nunua ramani ya karatasi ya Michelin. Juu ya barabara zilizochorwa humo wameweka vialama kama ncha za mishale: kimoja ni mwinuko wa asilimia 5 hadi 9, viwili ni 9 hadi 13, vitatu ni zaidi ya hapo. Mimi vitatu navizunguka. Barabara zilizopakwa ukingo wa kijani ni zenye mandhari nzuri, na hapo hawajawahi kuniangusha.

Treni ya mkoa kutoka stesheni ya Bercy itakufikisha Avallon. Angalia mapema kama safari yako inahitaji kuwekewa nafasi ya baiskeli. Kutoka Avallon shika njia ya Quarré-les-Tombes, kijiji ambacho kanisa lake limezungukwa na majeneza ya mawe ya zamani, kisha ingia msituni kuelekea monasteri ya Pierre-qui-Vire. Huko kuna jibini lenye jina la monasteri hiyo. Ukifika Dun-les-Places, simama. Juni 1944 wanajeshi wa Kijerumani waliwaua wanaume 27 wa kijiji hicho kidogo. Usipite pale kwa mbio za mteremko.

Na mteremko wenyewe: ukiona kibao kilichoandikwa Gravillons, maana yake wamemwaga kokoto juu ya lami. Punguza mwendo kabla ya kona, wala usikamate breki ukiwa ndani ya kona. Malori ya magogo nayo hayawezi kusimama ghafla. Ukilisikia linakuja nyuma kwenye njia nyembamba, toka pembeni, lipite.

SWALI: Asalaam alaykum bibi. Mimi ni mtu wa Mombasa, naishi London. Mimi na mume wangu tutapita huko mwezi wa saba. Wasiwasi wetu ni chakula na maji. Tunasikia vijiji ni vya nyama ya nguruwe, na maduka hayafunguki.
Msomaji, London

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu. Mlilosikia lina ukweli. Mapaja ya nguruwe ya kukausha ndiyo fahari ya Morvan, na hata kile kitu kinachofanana na chapati nene za maji, wanachokiita crapiau, kwa kawaida hupikwa na vipande vya mafuta ya nguruwe. Ulizeni kabla ya kuagiza. Lakini hamtashinda njaa: mkate, jibini la mbuzi, mayai, asali, viazi, nyanya. Sisi tunabeba jiko dogo la gesi, mchele kilo moja na bizari kwenye kichupa. Wali wenye harufu ya iliki kando ya ziwa la Settons, jua linazama saa nne kasoro usiku, sijaupata utamu wake kwingine.

Saa ndizo zitakazowasumbua. Duka la kijijini linafunga saa sita au sita na nusu mchana na kufungua tena saa nane au tisa. Jumapili mchana hakuna kitu. Jumatatu waokaji mikate wengi wamefunga. Jumamosi jioni nunueni vya siku mbili.

Maji: kila makaburi ya kijiji yana bomba, kwa ajili ya kumwagilia maua. Waendesha baiskeli wote wa Ufaransa hujaza chupa pale. Mimi mwanzo nilisita, maana kwetu huendi makaburini kutafuta maji ya kunywa. Sasa naingia taratibu, nawaombea waliolala pale, najaza, natoka. Kama kuna maandishi Eau non potable, hayanyweki. Hapo mpige hodi nyumba yoyote, na neno la kwanza liwe Bonjour. Ukianza na haja yako kabla ya salamu, utajibiwa kwa ukali, na kwa haki.

SWALI: Dada yangu, habari za huko. Binti yangu yuko masomoni Dijon, ana miaka ishirini na mitatu. Ananiambia anakwenda peke yake wiki nzima kwenye misitu hiyo. Mimi silali. Kuna usalama gani? Na kuna nini msituni cha kumpeleka huko?
Mama msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Nzuri dada yangu, pole kwa kukosa usingizi. Nakuelewa, na sitakwambia usiogope.

Hatari ninazozijua mimi ni hizi. Kupe: jioni ajikague nyuma ya magoti, kwapani, kiunoni, na anunue kibanio cha kung'olea kupe kwenye duka la dawa. Likitokea duara jekundu linalopanuka kwenye ngozi, aende kwa daktari siku hiyo hiyo. Mtandao wa simu hupotea mabondeni, kwa hiyo mpatane saa maalumu ya jioni ya kukupigia, akiwa ameshafika kambini. Namba ya dharura ni 112. Avae fulana ya kung'aa. Nje ya miji ni sheria usiku na kukiwa na ukungu, na Morvan ukungu hauagi. Kama safari ni ya vuli, ni majira ya uwindaji. Akikuta kibao cha Chasse en cours, ageuze. Alale kwenye kambi za manispaa. Zina maji ya moto, na watu wake hutazamana.

Swali lako la pili limekaa nami wiki nzima.

Ataona mialoni, na ataona pia milima iliyopandwa misonobari ya Douglas, mti wa Marekani, yote rika moja, mistari iliyonyooka, chini yake kimya bila ndege. Mingine imekatwa yote kwa siku chache na mlima umebaki visiki. Mimi nikipita hapo huumia kama nilivyoumia kwenye msitu wa Shume, kwetu Lushoto, nikiwa mtoto. Msitu huu ulikuwa kuni za Paris. Tangu karne ya 16 magogo yalitupwa vijitoni, yakakusanywa Clamecy, yakafungwa vyelezo na kuelea kwenye mto Yonne hadi mjini. Lile ziwa la Settons lenyewe ni bwawa lililomalizika mwaka 1858 ili kuongeza maji ya kusukuma magogo.

Lakini kitu kingine pia kilikwenda Paris. Mwambie afike Alligny-en-Morvan, kwenye makumbusho ya wanyonyeshaji. Katika karne ya 19 wanawake wa vijiji hivi waliojifungua waliacha watoto wao kwa bibi zao wakaenda Paris kunyonyesha watoto wa matajiri. Mshahara wao ulijenga nyumba nzuri za mawe, na mpaka leo zinaitwa nyumba za maziwa. Na watoto yatima wa Paris nao waliletwa huku kulelewa mashambani.

Dada, mimi nilimwacha mwanangu na mama yangu Lushoto akiwa na miezi kumi na minne, nikaja kulea wazee wa watu wengine. Nyumba yetu ya matofali kule imejengwa kwa kazi hiyo. Siku niliyoingia Alligny nilisimama mbele ya picha moja, mwanamke kavaa kofia nyeupe, amemkumbatia mtoto asiye wake, nikashindwa kusogea. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, baiskeli imeegemea ukuta, nikampigia mwanangu. Ana miaka ishirini sasa. Alipokea akiwa kazini, akaniuliza, "Mama, uko wapi, mbona nasikia ndege?"