Maonyesho ya chuo si mtihani wa wanafunzi tu

Mkuu, umeuliza kama maigizo ya idara za sanaa vyuo vikuu yanamhusu mwananchi wa kawaida, au ni ya wanafunzi kujipatia alama tu. Alama zipo, ndiyo, lakini hapo Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, historia inasema zaidi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, walimu wa sanaa za maonyesho wa chuo hicho, wakiwemo Penina Mlama na Amandina Lihamba, walikwenda Malya, mkoani Mwanza. Hawakwenda na mchezo mkononi. Waliketi na wanakijiji, wakasikiliza yanayowasumbua, na suala la mimba za wasichana likajitokeza. Vijana wa pale pale ndio waliolitungia onyesho kwa ngoma na maigizo yao, kisha kijiji kikalijadili hadharani. Kwangu mimi mjadala huo ndio kiini cha kazi yote. Binti asiyethubutu kusimama mkutanoni huweza kusema kila kitu akiwa ndani ya mhusika.

Mwaka 1996 mbinu hiyo ikaingia shule za sekondari kupitia mradi wa Tuseme, wasichana wakaeleza wenyewe vikwazo vya masomo yao. Nchi nyingine za Afrika nazo ziliuchukua.

Kwa hiyo nenda, na watoto uwachukue. Ratiba uulize idarani mapema, na onyesho likiisha usiwahi daladala: baki mpaka watazamaji waanze kuuliza maswali.