Risiva wadogo wa Packers: mnaosema hawakuwa na staa

Kaka umeuliza Packers, timu ya futiboli ya Kimarekani (NFL), msimu wa 2023 walifikaje mtoano bila risiva (mdakaji wa pasi) hata mmoja mzoefu, jibu ni kwamba dogo mmoja hakulazimika kubeba mzigo wote. Risiva staa Davante Adams alishaondoka 2022, Rodgers, kotabeki (mrusha pasi) wao, naye 2023, akabaki kotabeki Jordan Love na risiva watoto watupu, Watson na Doubs mwaka wa pili, Jayden Reed na Wicks ndo kwanza wametoka drafti (zoezi la timu kuchagua wachezaji wapya). Mwanzo ilikuwa balaa aisee, walikuwa 2-5, yaani ushindi 2 na vipigo 5, na watu washaanza kusema Love hafai, kumbe madogo walikuwa bado wanajifunza kukata kona kwa wakati mmoja na kotabeki wao, maana mpira unarushwa kabla risiva hajageuka sasa ukichelewa nusu hatua tu beki anaudaka. Wakizoeana ndo ukaona, Reed peke yake alidaka pasi za yadi 793 na tachidauni (mabao) 8, na yule alikuwa ruki, mwaka wake wa kwanza.

Ila kwangu mimi mtu ni Doubs. Alichaguliwa raundi ya nne ya drafti, hana mbio za kutisha, lakini mechi ya mtoano kule Dallas alidaka pasi 6 kwa yadi 151, wakashinda 48-32. Watson alikuwa na spidi kuliko wote ila nyama za paja zilimsumbua msimu ule, na usisahau mechi yake ya kwanza kabisa 2022 alidondosha mpira ambao ulikuwa tachidauni ya wazi 😂