Wiki ya Kazi ya Mshauri wa Biashara za Kijamii

Watu wanaotaka kuingia katika kazi ya kushauri biashara za kijamii, yaani zile zinazouza bidhaa au huduma ili kutatua tatizo la jamii, huniuliza wiki yangu inakwendaje, na wengi hutarajia kusikia habari za makongamano na wafadhili. Lakini wiki hiyo huanzia mezani kwa mhasibu, nami nakushauri uanzie hapohapo kabla ya kuketi na mkurugenzi. Mkurugenzi atakueleza dhamira ya taasisi kwa ufasaha. Mhasibu atakuonyesha ni nani hasa anayelipa mishahara.

Jumatatu huomba taarifa za benki za mwaka mzima, pamoja na hesabu ya mapato iliyotenganisha mauzo na ruzuku. Hesabu ya namna hiyo mara nyingi haipo. Ruzuku huwa imeandikwa katika safu moja na mauzo, na hivyo taasisi hujiona inapata faida, kumbe inaishi kwa fedha ambazo zina tarehe ya kwisha na masharti ya matumizi.

Jumanne na Jumatano huzitumia pale kazi inapofanyika, na kama wiki ingepungua siku, hizi ndizo ambazo nisingekubali kuzipunguza. Chukua mfano wa karakana ya ushonaji inayoajiri watu waliotoka gerezani. Fundi mzoefu hushona shati kwa saa moja, ilhali anayejifunza huchukua saa tatu, na msimamizi hutumia nusu saa nyingine kufumua kola na kuirudia. Saa ile moja ni gharama ya shati, na mnunuzi anapaswa kuilipa yote pamoja na kitambaa, umeme na kodi ya jengo. Saa mbili zilizozidi, na ile nusu saa ya msimamizi, ni gharama ya dhamira: mnunuzi hakuziomba, na ndizo ambazo mfadhili anaweza kuombwa azibebe bila aibu yoyote. Taasisi isiyotenganisha mambo haya mawili hupandisha bei hadi wanunuzi wakakimbia, au huuza chini ya gharama kwa kutegemea ruzuku, na katika hali hiyo kila oda mpya huongeza hasara ambayo watu huisherehekea kama ukuaji. Utenganisho huu haupatikani kwa dodoso lililotumwa kwa barua pepe. Kaa kando ya cherehani ukiwa na saa na daftari, kwa sababu msimamizi ukimuuliza atakwambia muda anaoutamani, wala si muda unaotumika.

Alhamisi kwa kawaida ni ya bodi, na bodi hupenda kuzungumzia muundo wa kisheria kuliko bei ya shati. Suala hilo lina uzito wake, kwa kuwa ndilo linaloamua ziada itakwenda wapi na ni fedha za aina gani zinaweza kuingia. Muhammad Yunus, mwanzilishi wa Benki ya Grameen inayokopesha maskini nchini Bangladesh, hutetea biashara ambayo mwekezaji wake hurudishiwa mtaji bila gawio, yaani bila mgao wa faida. Uingereza, tangu mwaka 2005, ina kampuni za maslahi ya jamii ambazo mali zake zimefungwa kisheria zisije zikagawanywa kiholela. Italia, kwa sheria ya mwaka 1991, huvitaka vyama vya ushirika vya kijamii vinavyoajiri watu waliotengwa viwe na angalau asilimia 30 ya watu hao miongoni mwa wafanyakazi wake. Ieleze bodi njia zilizopo katika nchi yake, kisha uirudishe kwenye hesabu za Jumatano, kwa sababu hakuna muundo unaoponya bidhaa inayouzwa kwa hasara.

Ijumaa ni ya kuandika ripoti, na sipokei wageni. Ripoti ya kurasa chache yenye jedwali moja la gharama husomwa; ile nene huishia kupamba kabati. Siku hiyohiyo hutuma ankara, na hapa nina msimamo mkali kidogo: dai malipo yako kwa awamu, kulingana na kazi zilizotajwa katika hadidu za rejea (maelezo ya kazi mliyokubaliana), na ukatae mteja anayetaka kukulipa asilimia ya ruzuku utakayomsaidia kupata. Ukikubali mpango huo, hutathubutu tena kumwambia kwamba ruzuku fulani haimfai.