Umepandishwa kuwa msimamizi? Anza na ratiba ya zamu

Ukipata cheo kazini, washauri hawakosekani. Kaza uso. Usicheke nao. Wajue sasa wewe ni bosi. Nilipotolewa kwenye mizani na kufanywa msimamizi wa zamu, katika kiwanda cha kukamua alizeti huku Kizota, Dodoma, niliambiwa yote hayo, tena na watu ambao hawajawahi kusimamia hata kibarua mmoja. Kwa niliyoyaona, uso wako hauna kazi kubwa. Wanachokiangalia watu ni namna unavyogawa vitu vinavyowagusa: zamu, mapumziko, saa za ziada.

Mavuno ya alizeti yakishaanza, kuanzia Mei hivi, malori huingia kutoka Kongwa, Mpwapwa na Singida mpaka usiku, na manung'uniko nayo huingia. Ukisikiliza vizuri, hakuna anayelalamikia ugumu wa kazi. Wanalalamika kwamba fulani hajawahi kuonekana usiku, au kwamba fulani kila Jumapili yuko nyumbani na mwenzake yuko kwenye magunia. Kwa hiyo ratiba yangu hubandikwa ukutani Alhamisi, ya wiki nzima inayofuata, na jina langu liko kwenye usiku kama la mwingine yeyote. Anayetaka kubadili aje na mtu aliyekubali kubadilishana naye, wasimame wote wawili mbele yangu, tunaandika, yameisha. Habari za kunipigia simu saa 4 usiku kwamba shangazi amefika ghafla kutoka Kondoa zilikufa zenyewe.

Ratiba ya namna hiyo huwezi kuipanga kama hujafungua Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Sehemu ya saa za kazi unaimaliza ukinywa chai. Saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku wala 45 kwa wiki, na siku za kazi zisizidi 6. Muda wa ziada usizidi saa 50 katika wiki 4, na unalipwa mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida. Kazi ya usiku, yaani kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, ina nyongeza isiyopungua asilimia 5. Kati ya siku moja ya kazi na nyingine mtu apumzike saa 12 mfululizo. Mjamzito aliyebakiza miezi 2 kujifungua hapangwi usiku. Usipoyajua haya utayumbishwa na pande zote mbili: mfanyakazi atadai kisichokuwepo, ofisi itakuagiza upange kisichoruhusiwa, na sahihi iliyo chini ya karatasi ni yako.

Sasa lile linalowatesa vijana wengi waliopandishwa: kumwagiza mtu aliyekuzidi umri. Fundi wetu wa mitambo ni rika la baba yangu. Nimeona wasimamizi wa aina mbili. Yuko anayeacha kuamkia wazee siku anapopewa cheo, akidhani shikamoo itamshusha. Yuko pia anayeamkia vizuri kabisa, kisha kazi yenyewe anashindwa kuitamka, anaishia kuifanya mwenyewe akisonya. Mimi naamkia, kisha natoa kazi, bila kuomba radhi katikati.

Asubuhi moja mashudu, yale makapi ya mbegu zilizokamuliwa, yalikuwa yanatoka laini, ukiyafumbata yanashikana mkononi na mafuta yanabaki kiganjani. Hayo ni mafuta ya mteja yanayopotea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

"Hebu njoo uyashike haya. Unaonaje?"

Akayafikicha, akanusa, akaenda kwenye magunia, akatafuna punje mbili tatu. "Mashine haina tatizo. Mbegu hizi zina unyevu. Zikaanikwe."

Mwenye mzigo alikuwa pale pale, ana haraka na gari lake linamsubiri. Hapo mzee alikuwa amemaliza kazi yake. Iliyobaki ilikuwa yangu. Nikasimamisha ukamuaji, nikaagiza maturubai yatandikwe uani, nikamfuata mteja mwenyewe kumweleza kwamba mzigo wake utasubiri jua la Dodoma, ambalo kwa bahati halina foleni. Alifoka. Nikamwacha afoke, kwa sababu kufokewa na wateja ni sehemu ya kazi ya msimamizi, na wale vijana wa turubai walikuwa wanatazama kama nitamsukumia mzee lawama. Ukimuuliza mjuzi mbele za watu, uamuzi ubebe wewe.

Kwenye kurekebisha watu sina mengi. Mwite pembeni, taja kitu, usitaje tabia. "Jana magunia matatu yameandikwa bila uzito, ilikuwaje?" Mtu ataeleza. Ukianza na "wewe mzembe sana", mtabishana kuhusu uzembe na yale magunia hamtayafikia. Na lile neno "nitakufukuza" liache. Mara nyingi madaraka hayo huna, na hata aliye nayo sheria inamtaka awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki. Mtu akiachishwa ana siku 30 za kupeleka shauri lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Wakati huo utaulizwa uliandika nini, lini. Daftari la makabidhiano ya zamu litakutetea kuliko sauti yako.

Marafiki wa jana wanahitaji mambo mawili tu yawekwe wazi mapema. Kundi lile la WhatsApp ambamo tulikuwa tunawasema mabosi nilijitoa, nikaaga kwanza, maana bosi sasa nilikuwa mimi na watu wana haki ya kunisema kwa nafasi. (Vichekesho vyake bado navikosa.) La pili, nilikuwa kijumbe wa mchezo wetu wa pesa pale kazini, nikakabidhi daftari kwa mwingine. Mtu anayekupangia saa za ziada asiwe yeye yeye anayesimama mlangoni siku ya mshahara kukusanya.

Kozi zipo, na Dodoma hatuna njaa ya vyuo: kuna Chuo cha Mipango, kuna Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo, kuna Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM). Nenda ukipata nafasi, lakini usingoje cheti ndipo uanze kubandika ratiba.

Na ukipanda kwa wakubwa, usiende na malalamiko matupu. "Watu wamechoka" haimtikisi mtu yeyote ofisini. "Malori ya usiku yamekuwa mawili, wapakuaji ni walewale wanne, na saa zao za ziada zinakaribia 50" inajibiwa siku hiyo hiyo, hata kama jibu lenyewe ni la kununa.

Mwisho, barua yako. Wengi hupewa cheo kwa mdomo, wakabeba mzigo miezi na mshahara uleule. Sheria hiyo hiyo ya 2004 inamtaka mwajiri, masharti ya kazi yanapobadilika, azungumze na mfanyakazi, arekebishe maelezo ya ajira na amjulishe kwa maandishi. Iombe kabla hujapokea funguo za ghala, kwa adabu, na uangalie kama cheo, posho na mtu unayeripoti kwake vimetajwa. Posho ndiyo husahaulika.