Mfumo wa Faili Uuchague kwa Kufikiria Siku Diski Itakapokufa

Kazi yangu hapa Lamu ni kupiga na kuhifadhi picha za harusi, na katika mji huu hewa ya chumvi na umeme unaokatika bila kubisha hodi haviipi diski maisha marefu. Diski yangu ya nje, iliyobeba harusi tatu za mtaa wa Langoni, ilianza kugonga kwa ndani usiku mmoja baada ya umeme kukatika mara mbili. Nilikuwa nimeipa mfumo wa faili, yaani utaratibu wa kupanga na kukumbuka faili diskini, uitwao exFAT kwa kuwa ulisomeka kwenye kila kompyuta, wala sikujiuliza ungesomekaje ukiharibika. Mfumo huo hauna daftari la kuandika mabadiliko kabla hayajatekelezwa, hivyo umeme ukienda katikati ya kazi, orodha ya faili yaweza kubaki nusunusu. Mimi nikazidisha balaa kwa kuendesha programu ya kurekebisha juu ya diski ile ile iliyokuwa ikikata roho. Picha nyingi zilirudi kwa PhotoRec, programu ya kurejesha faili ambayo hutambua faili kwa alama zake za mwanzo, lakini zilirudi bila majina wala folda, nami nikazipanga kwa tarehe zilizomo ndani yake huku mama wa bwana harusi mmoja akinipigia simu kutwa.

Sasa ghala langu ni ext4, mfumo wa faili wa Linux, yenye daftari hilo na nakala za maelezo makuu ya mfumo zilizotawanywa diskini, hata ya kwanza ikiharibika e2fsck, programu ya kuikagua na kuirekebisha, huweza kuelekezwa kwenye nyingine. Ubaya wake ni kwamba faili uliyoifuta mwenyewe ni vigumu mno kuirudisha. Kwa mtumiaji wa Windows, NTFS, mfumo wa Windows yenyewe, yatosha, kwani programu nyingi za kurejesha data zinaifahamu. Mifumo mingine, ZFS na Btrfs, hugundua data iliyooza kimyakimya, bali huiponya pale tu penye nakala nyingine nzima.

Diski ikianza kugonga, ichomoe, kisha uinakili yote kwa ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu, ambayo huanza na sehemu zinazosomeka na kurudia mbovu baadaye, na ukarabati uufanye juu ya nakala. Diski yangu ya akiba inakaa kwa shemeji huko Mokowe, ng'ambo ya bara, nayo huvuka kwa boti kila mwezi ndani ya kopo lenye kifuniko cha kubana.